Nyayo za simba kwenye runinga hazikurekodiwa porini

Barazani kwetu Ngamiani, Tanga, baada ya isha runinga huwekwa kwenye filamu za wanyama na kahawa ikazunguka. Wengi tunaamini, nami niliamini kwa miaka, kwamba kila sauti ya humo imenaswa porini pamoja na picha.

Picha kwa kawaida ni ya porini kweli. Sauti ni jambo jingine. Mpiga picha hukaa mbali na simba, akamvuta karibu kwa lenzi ndefu; maikrofoni haina uwezo huo. Kule aliko hunasa upepo, injini ya gari na mtu akikohoa. Ndiyo maana nyayo, majani yanayosuguana, hata mbawa za ndege, mara nyingi hutengenezwa studio na mafundi wanaoitazama picha huku wakifanya vishindo vyao. Hatua za dubu kwenye theluji? Mfuko wa wanga wa mahindi, unaminywaminywa. Mbawa? Glavu zinapigwapigwa. (Kwangu huo si ulaghai, ni upishi.) Ngurumo huweza kuwa ya simba kweli, ila ya siku nyingine.

Ukitaka kuhakiki, subiri kipande cha mwendo wa polepole. Mnyama anaelea hewani taratibu, lakini maji yanalia chubwi kama kawaida: hiyo imeongezwa. Au nenda ufukweni Raskazone, hapa Tanga, na simu, umrekodi kunguru aliye mnazi wa tatu akiruka. Sikiliza tena nyumbani. Utasikia mawimbi, bodaboda na pumzi zako mwenyewe.