Kichwa kikubwa cha mtoto si kazi ya shetani

"Usimpeleke hospitali, watampasua ubongo, akifa je?" Mama mwenye mtoto wa kichwa kikubwa huyasikia maneno haya Unguja na Pemba, mara nyingi kwa watu wanaompenda kwa dhati. Lakini si kweli.

Kichwa hukua kwa maji yanayojaa ndani yake, na maji hayo hayaletwi na shetani, kama wengine wanavyosema. Ubongo wa kila mmoja wetu hutengeneza maji, kwa mtu mzima karibu nusu lita kwa siku, na mwili huyafyonza. Njia yake ikiziba, pengine baada ya homa ya uti wa mgongo au kwa hitilafu ya kuzaliwa, maji hujikusanya. Mifupa ya kichwa cha mtoto mchanga haijashikana, basi kichwa hutanuka: utosi hujaa, mishipa hutokeza, macho huelekea chini kama jua linalotua.

Daktari hatoi ubongo nje. Hutoboa tundu dogo, akapitisha mpira mwembamba chini ya ngozi, nyuma ya sikio mpaka tumboni, maji yafyonzwe huko. Mpira unaweza kuziba, kwa hiyo mtoto hurudishwa kuangaliwa.

Hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, pana kituo cha upasuaji huu tangu 2014, kilichoanzishwa na wakfu wa NED wa Hispania, na madaktari wetu hujifunzia hapo. Wengine huliogopa hilo, lakini kujifunza si kumfanyia mtoto majaribio. Anayejifunza hufanya kazi chini ya bingwa.

Dua na kombe, yaani maji ya aya za Kurani, havizuiliwi, lakini visimcheleweshe mtoto. Kichwa kikikua upesi, muombe muuguzi wa kliniki akipime kwa utepe, wiki hiyo hiyo.