Tiba ya sanaa: mchoro wa mgonjwa hausomwi vilevile kila nchi

Mzazi akiambiwa mwanawe anatibiwa kwa kuchora, huuliza: huyo mtaalamu anatafuta nini kwenye picha? Jibu hutegemea sana nchi aliyosomea mtaalamu huyo.

Katika tiba ya sanaa, mtu huchora, hupaka rangi au hufinyanga udongo akiwa na mtaalamu, ili yaliyomkaa moyoni yapate pa kutokea. Ustadi wa mkono hauhesabiwi.

Uingereza ni miongoni mwa nchi zilizotangulia. Mwaka 1938 mchoraji Adrian Hill, akiugua kifua kikuu katika sanatoria (hospitali ya wagonjwa wa kifua kikuu) ya Midhurst, aliona jinsi kuchora kulivyompa nguvu, akaanza kuwahimiza wagonjwa wenzake. Leo huwezi kujiita mtaalamu wa tiba ya sanaa huko bila mafunzo ya ngazi ya uzamili na usajili kwenye baraza la taaluma za afya. Sheria inalilinda jina hilo. Wengi wao hawatoi majibu ya picha kama ya maabara. Hawatamwambia mtoto kwamba rangi nyeusi maana yake huzuni. Humsubiri aseme mwenyewe, na michoro hutunzwa kwa siri kama faili la hospitali.

Marekani sheria hubadilika kutoka jimbo hadi jimbo: lipo linalodai leseni maalumu ya tiba ya sanaa, na lipo lisilo nayo. Huko pia vipimo vya michoro vimeshika mizizi zaidi. Kimoja humtaka mtu amchore mtu akichuma tofaa mtini. Hupewa karatasi nyeupe kubwa na maka peni za rangi 12, kisha mchoro hupewa alama kwa vigezo 14, kama vile wingi wa rangi, nafasi iliyojazwa, na kama tofaa linafikiwa kwa njia inayoingia akilini.

Japani ina njia yake, nami naiheshimu sana. Daktari wa magonjwa ya akili Hisao Nakai aliianzisha mwaka 1969, akiwafikiria hasa wagonjwa wa skizofrenia, ugonjwa wa akili unaovuruga mawazo. Kwanza daktari mwenyewe huchora fremu kuzunguka karatasi mbele ya mgonjwa, kisha humkabidhi kalamu. Halafu hutaja kitu kimoja kimoja: mto, mlima, shamba la mpunga, barabara, nyumba, mti, mtu, ua la mmea, mnyama, jiwe. Mgonjwa huongeza apendacho, kisha hupaka rangi. Ile fremu si pambo. Mtu ambaye mawazo yake yametawanyika huogopa karatasi tupu; akiwekewa mpaka, hupata pa kuanzia.

Afrika Kusini wataalamu hawa husajiliwa na baraza la taifa la taaluma za afya. Lakini Johannesburg, kituo cha Lefika La Phodiso kimefundisha pia washauri wa jamii wanaoendesha vikundi vya watoto, kwa kuwa wataalamu wa shahada hawatoshi na majeraha ya ukatili huwa ya mtaa mzima. Kwa maoni yangu, mfano huu unatufaa sisi kuliko chumba cha mtu mmoja mmoja.

Ninachokipinga ni kuchukua kipimo cha kwao na alama zake, kisha kumhukumu nacho mtoto wetu. Mtoto wa Pemba anajua karafuu zinavyochumwa. Tofaa huliona dukani. Akikosea namna linavyoning'inia mtini, hilo si dalili ya ugonjwa. Shamba la mpunga litamjia upesi mtoto wa Kyela au Mwea, lakini wa Turkana atakwama, na kukwama huko kusiandikwe kwenye faili kama tatizo la akili.

Basi kabla hujampeleka mtoto, uliza mtaalamu amesomea wapi na amesajiliwa na nani. Kenya, kwa mfano, ina Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya mwaka 2014 inayodai usajili. Uliza pia michoro itahifadhiwa wapi na nani ataiona. Akikuonyesha picha moja tu na kutaja ugonjwa papo hapo, tafuta mtaalamu mwingine.