Tiketi ghali si lazima faida kubwa

Hapa Lubumbashi wengi husema: tiketi ya Kinshasa inaumiza, basi wenye ndege wanatajirika. Maumivu ni ya kweli. Hitimisho ndilo lenye kasoro.

IATA, chama cha kimataifa cha makampuni ya ndege, kilikadiria kwamba mwaka 2025 makampuni ya ndege ya Afrika yangebakiwa na faida ya dola 1.3 tu kwa kila abiria. Wastani wa dunia ulikuwa kama dola 7. Pesa nyingine ya tiketi inakwenda wapi? Mafuta kwanza, na huku Katanga, mbali na bahari, husafiri njia ndefu kabla ya kufika Luano, uwanja wetu wa ndege. Kisha bima, vipuri na gharama ya kukodi ndege, vyote kwa dola. Halafu ada: Go-Pass, ada ya viwanja vya ndege anayolipa abiria, ilipoanza 2009 ilikuwa dola 10 kwa safari ya ndani na dola 50 kwa ya nje, na fedha hizo haziingii kwa kampuni ya ndege hata kidogo.

Kingine kinachosahaulika ni kiti kitupu. Meka (kipimo) ya unga isiyouzwa leo katika soko la Kenya, hapa hapa Lubumbashi, itauzwa kesho. Kiti kikiruka bila mtu kimepotea, ilhali gharama za safari karibu zote zimeshalipwa.

Sisemi kila bei ni ya haki. Njia yenye kampuni moja au mbili hupanda bei kwa urahisi, na ndiyo maana Azimio la Yamoussoukro la 1999, la nchi za Afrika, lilitaka kufungua anga za bara hili ili kampuni nyingi zaidi zishindane. Utekelezaji wake bado unasuasua.