Hema jipya la turubai la pamba likivuja kwenye mishono, si bovu

Wengi wakiona mvua ya kwanza imepenya kwenye mishono ya hema la trela ya kukunjua, yaani trela ya kuvutwa na gari inayofunguka kuwa hema, huamini wameuziwa bovu, wakakimbilia kulipaka silikoni. Tafadhali, subiri kwanza! Sindano huacha matundu madogo, na uzi wa pamba hufura ukilowa, ukayaziba. Basi lisimamishe, lilowanishe kwa maji matupu, liache likauke kabisa, kisha rudia mara mbili au tatu. Usilikunje likiwa bichi, litaota ukungu.

Adui wa kweli ni sabuni ya unga, maana huondoa dawa ya kuzuia maji. Hapo ndipo utalazimika kupaka dawa upya, tena ile ya turubai la pamba, inayoliacha lipumue. Turubai la plastiki halifuri. Mishono yake huzibwa kwa gundi maalumu.