Je, wajua kwa nini pini moja ya kompyuta ndogo huwa na kazi nyingi?

Tuseme vijana wa Lamu wanataka kupima maji yanavyojaa na kupwa pale gatini. Wana Raspberry Pi 4, yaani kompyuta ndogo ya bodi moja, sensa ya kupima umbali na kipokezi cha GPS. Waya za GPS wameziunga kwenye pini ya 8 na ya 10, barabara kabisa, lakini hakuna kinachosomeka. Waya hazina kosa. Pini hizo bado hazijapewa kazi ya kuwasiliana na GPS.

Chipu ya bodi ina saketi nyingi za ndani: za UART (njia ya mawasiliano ambayo GPS hiyo hutumia), I2C na SPI (njia nyingine za kuwasiliana na vifaa) na PWM (ya kutoa mapigo ya umeme). Lau kila saketi ingepewa miguu yake, chipu ingekuwa kubwa na ghali. Kwa hiyo nyuma ya kila mguu wa GPIO, yaani pini ya matumizi ya jumla, imewekwa swichi. Katika BCM2711, chipu ya Raspberry Pi 4, swichi hiyo huongozwa na biti 3 za rejista, yaani hifadhi ndogo ya mipangilio ndani ya chipu, na biti 3 hutoa chaguo 8: kupokea, kutoa, au mojawapo ya kazi 6 za ziada.

Anayeigeuza swichi ni kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo unaoendesha kompyuta. Inapowaka husoma mti wa vifaa, yaani maelezo ya kila kifaa kilichomo na pini kinazohitaji. Huu ni mpango mzuri mno, kwa sababu draiva (programu za kuendesha vifaa) mbili zikidai pini moja kwa kazi tofauti, ya pili hukataliwa.

Kwa bahati nzuri, si lazima uandike mti huo mwenyewe. Kwenye faili ya config.txt ongeza mstari enable_uart=1, kisha washa upya. Konsoli ya Linux, yaani sehemu ya kuandikia amri, ikiwa inatumia laini hiyo hiyo ya UART, izime kwa programu ya mipangilio ya raspi-config. Halafu andika pinctrl get 14, uone kazi iliyopewa pini. Ndiyo, 14, kwa kuwa pini ya 8 ya bodi ndiyo GPIO 14 ya chipu, na ya 10 ni GPIO 15. Hesabu hizi mbili zimewachanganya wengi.

Jambo moja haliwezi kurekebishwa na mpangilio wowote: umeme. Pini hizi ni za volti 3.3, ilhali sensa ya umbali ya HC-SR04 hurudisha volti 5 kwenye waya wa Echo, yaani waya wa jibu lake. Waya huo upitishe kwenye resista mbili, ya kilo-ohm 1 na ya kilo-ohm 2 iendayo ardhini, na pini iungwe katikati yake.