Ukaguzi wa miliki bunifu: maana yake, na fedha za kutenga

Likitajwa neno ukaguzi, mfanyabiashara mdogo humfikiria ofisa wa kodi na kuanza kusaka risiti. Ukaguzi wa miliki bunifu ni jambo jingine kabisa. Ni kuorodhesha mali zisizoshikika ambazo biashara inazitegemea, yaani jina, nembo, lebo, picha, resipe, tovuti na programu, kisha kuuliza kwa kila moja: ni ya nani hasa, na inalindwa na nini?

Tuseme kuna mama Morogoro anayesindika sosi ya pilipili na achari. Ishike chupa yake moja. Kuna jina kwa herufi nyekundu, mchoro wa pilipili, picha ya sahani ya pilau, na chini kabisa anwani ya tovuti. Jina alilisajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kama jina la biashara, akaona amemaliza. Hajamaliza, kwa sababu alama ya biashara, yaani jina au nembo inayotambulisha bidhaa sokoni, husajiliwa peke yake, kwa maombi na ada nyingine. Mchoro aliuchora kijana wa duka la uchapishaji kwa elfu thelathini, bila hata mstari mmoja wa maandishi. Picha ilichukuliwa mtandaoni. Tovuti ya .co.tz iko kwenye barua pepe ya fundi aliyekwishahamia Mwanza.

Hapo ndipo bajeti inapoanzia, na wengi hukosea kwa kutenga fedha za wakili tu. Ukaguzi hufichua mianya, na kuiziba ndiko kunakogharimu. Mama huyu akiwa na milioni mbili, mimi ningemshauri asitumie zaidi ya theluthi moja kwa ushauri wa kisheria, nyingine zote zingoje matokeo. Orodha aiandike mwenyewe, jioni mbili tatu, pamoja na mikataba na risiti alizonazo. Wakili akikuta jedwali lililokamilika, atalipwa kwa kushauri, si kwa kupekua makabrasha.

Mianya mingine huzibwa kwa fedha kidogo sana. Kijana aliyechora nembo asaini karatasi ya kukabidhi haki zake leo, wakati bado wanasalimiana. Jina likishavuma, saini hiyo itakuwa na bei nyingine. Picha ya pilau apige mpya kwa simu. Tovuti ihamishiwe kwenye barua pepe ya biashara. Resipe haisajiliwi popote, hulindwa kwa usiri, kwa hiyo wasaidizi wa jikoni wasaini mkataba wa kutunza siri.

Gharama nzito ni alama ya biashara, kwa sababu ada hulipwa kwa kila daraja, yaani kundi la bidhaa. Madaraja ya kimataifa yako 45. Sosi ya pilipili iko daraja la 30, lakini mboga zilizosindikwa kwa siki ziko la 29, kwa hiyo bidhaa mbili zinazokaa rafu moja zina maombi mawili. Akitaka kuuza Unguja aongeze fungu jingine, maana usajili wa BRELA unaishia Tanzania Bara. Zanzibar ina wakala wake, BPRA. Hili huwashtua wengi, nami nalitaja kila ninapopata nafasi, kwa kuwa mzigo unaweza kuvuka bahari kwa boti ya asubuhi na ulinzi wa jina ukabaki bandarini Dar es Salaam. Fedha zisipotosha, aanze na daraja la bidhaa inayomlisha, kwenye soko analouza sasa.

Kuna pia fungu la baadaye ambalo husahaulika. Tanzania Bara, usajili wa kwanza wa alama hudumu miaka 7, kisha huhuishwa kila baada ya miaka 10. Kenya ni miaka 10 tangu mwanzo. Tarehe hiyo iandikwe kwenye daftari lilelile la kodi ya pango na leseni, na kiasi kidogo kiwekwe kila mwaka kwa ajili yake.