Mtihani mmoja hautoshi kumtambua mtoto mwenye kipaji

Wazazi wengi huamini kwamba mtoto mwenye kipaji ni yule anayeongoza darasani, na kwamba mtihani mmoja unatosha kumtambua. Sivyo. Mwaka 1921 mwanasaikolojia Lewis Terman wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alianza kuteua watoto werevu kwa kipimo cha akili. William Shockley na Luis Alvarez walipimwa, wakaachwa. Baadaye wote wawili walipata Tuzo ya Nobel ya Fizikia: Shockley 1956, Alvarez 1968.

Ndiyo maana programu nzuri ya kukuza vipaji hutazama pia kazi za mtoto na maswali anayouliza. Mwanafunzi aliyechoshwa na masomo mepesi huweza hata kushuka alama. Mwulize mwalimu watoto wa programu hiyo huchaguliwaje, na kama aliyeachwa sasa atatazamwa tena mwakani.